Nani Amebaki na Mtoto?

Soma kwa ajili ya somo hili: Mwanzo 2:7, Mwanzo 21:14–19, Kutoka 2:1–8, Kutoka 20:8–11, 1 Samweli 3:11–18, 1 Wafalme 19:1–8, Mathayo 18:1–17, Wakolosai 3:21.

Wazo kuu: Mtoto aliye mbali na macho ya mzazi wake hayuko mbali na macho ya Mungu, na Mungu atawauliza watu wazima waliokuwa karibu naye.

Namawala ni kijiji cha wakulima wa mpunga katika Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Mvua zinapoanza kushika, familia nyingi za bonde hili huhamia mashambani. Mashamba hayo yako mbali, kwenye tambarare ambazo mto hufurika, na mtu hawezi kwenda asubuhi na kurudi jioni kila siku. Hujengwa kibanda, pengine dungu, na watu hukaa humo kwa majuma na miezi: kulima, kupanda, kupalilia, kuamia ndege na kuvuna. Lakini shule hufunguliwa Januari, wakati uleule ambao shamba linahitaji mikono mingi. Mtoto akienda na wazazi, anakosa masomo. Akibaki kijijini ili asome, anabaki na bibi, au na jirani, au na dada yake wa darasa la sita, au peke yake.

Chukulia mtoto wa darasa la nne aliyebaki namna hiyo. Asubuhi anaamka bila kuamshwa. Anakwenda shule bila kunywa kitu. Jioni anapika anachokipata, anafunga mlango kwa kamba, na usiku anasikia kila sauti inayopita nje. Kesho yake anasinzia darasani. Mwalimu anamwona mvivu, na wenzake wanamcheka. Hakuna aliyemuuliza amelala na nani.

Swali la somo hili ni hilo: ni wajibu wa nani kumlinda mtoto huyu, mwili wake na moyo wake, wakati wale waliomzaa wako mbali kwa sababu ya kumtafutia chakula?

Hatia na Wajibu

Watu hulijibu swali hili kwa njia mbili za haraka. Wa kwanza husema, “Wazazi wa siku hizi hawana upendo, wamethamini mpunga kuliko watoto.” Wa pili husema, “Maisha ni magumu, wafanye nini? Hata sisi tulikua hivyohivyo.” Jibu la kwanza linamhukumu mzazi. Jibu la pili linamsamehe. Yote mawili yana kasoro ileile: yakishasemwa, mtoto anabaki palepale alipokuwa.

Jibu la kwanza pia si la kweli. Watafiti wa Ifakara walipozifuata familia za bonde hili hadi kwenye vibanda vya mashambani, waliona kwamba karibu familia zote zinalala ndani ya chandarua huko huko. Mzazi anayebeba chandarua pamoja na jembe na sufuria hadi katikati ya tambarare hawezi kuambiwa kwamba hajali uhai wa watoto wake.

Soma Mwanzo 21:14–19. Maji yalimwishia Hajiri jangwani. Akamlaza mwanawe chini ya kijiti, akaenda kuketi mbali kidogo, kwa kuwa hakuweza kuvumilia kumwona akifa. Hajiri hakumwacha mtoto kwa sababu hakumpenda. Alimwacha kwa sababu hakuwa na kitu tena cha kumpa. Mzazi mwingi wa bondeni angeyaelewa machozi yake.

Angalia Mungu alivyoshughulika naye. Habari inasema mama alilia, lakini sauti ambayo Mungu aliisikia ni ya kijana. Malaika hakumkaripia Hajiri. Alimuuliza ana nini, akamwambia asiogope. Hata hivyo hakumwacha aendelee kuketi mbali. Alimwagiza ainuke, amwinue kijana na kumshika mkono. Kisha Mungu akamfumbua macho, naye akaona kisima cha maji.

Hapo hatia na wajibu vinatenganishwa. Mtu anaweza kuwa hana hatia ya shida iliyomfika na bado akawa na wajibu juu ya mtoto aliye ndani ya shida hiyo. Tena, msaada aliouhitaji Hajiri ulikuwa karibu. Kilichokosekana ni macho ya kuuona. Darasa la Shule ya Sabato linaweza kujiuliza: kwa mtoto aliyebaki kijijini msimu huu, kisima kilicho karibu ni nani?

Dada Aliyesimama Mbali

Kutoka 2 inaleta habari ya mama mwingine ambaye hakuweza kukaa na mtoto wake. Alimweka katika kisafina penye majani kando ya mto, na dada wa mtoto akasimama mbali kidogo aone litakalompata. Mama hakuwepo, lakini kulikuwa na mtu. Na mtu huyo hakusimama tu kutazama. Jambo lilipotokea, alitoka, akasema neno, na akakimbia kumwita mtu mzima anayefaa.

Mzazi asiyeweza kuwepo bado anaweza kuweka mtu. Lakini habari hii isitumiwe vibaya. Wapo watakaosema, “Basi dada yao mkubwa anatosha.” Dada yake Musa alisimama kwa muda mfupi, si kwa msimu mzima wa mvua. Hakuachiwa kupika, kuchota maji, kuuguza wadogo zake na kuwafungia mlango usiku, halafu asubuhi akaulizwa kwa nini hakumaliza hesabu alizopewa. Binti wa miaka kumi na miwili anayelea wenzake ni mtoto anayehitaji mlinzi naye. Akipongezwa kwa ukomavu wake wakati moyo wake umechoka, pongezi hizo zinaficha mzigo uliopaswa kubebwa na watu wazima.

Nafsi Moja

Wengine huuliza kwa nini kanisa lishughulike na mambo ya moyo na akili za watoto, wakati hata daftari na sare ni shida. Jibu liko katika fundisho ambalo Waadventista wamelishika tangu mwanzo. Kwa mujibu wa Mwanzo 2:7, mwanadamu hakupewa nafsi ya kuwekwa ndani ya mwili kama maji ndani ya mtungi. Mavumbi na pumzi ya Mungu vilipokutana, mtu mzima akawa nafsi hai. Basi kinachoumiza akili kinaumiza mwili, na kinachoumiza mwili kinafika hadi kwenye imani.

Hili huonekana kwa watoto kabla ya kuelezwa. Mtoto mwenye hofu huumwa tumbo kila siku ya shule. Aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani huanza tena. Mchangamfu huwa kimya, na mpole huanza kupiga wenzake. Mwingine hubaki shuleni baada ya wote kuondoka, kwa sababu hataki kurudi nyumbani. Hizi si tabia mbaya tu. Mara nyingi ni lugha ya mtoto asiyejua jina la kinachomsumbua. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya mtu kutimiza miaka 14. Hiyo ni miaka ya shule ya msingi.

Jamii isipoelewa jambo la akili, humtenga mwenye nalo. Milima ya Mahenge, ng'ambo ya bonde, ina historia ya jambo hili. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa huko mwaka 1960, aliwakuta wagonjwa waliotengwa na watu wao, kwa kuwa iliaminika kwamba ugonjwa huo huambukiza. Dawa zilisaidia kutuliza degedege, lakini kazi nyingine ilikuwa kuirudishia jamii ujasiri wa kula na kulala karibu na mgonjwa. Hata leo mtoto mwenye huzuni isiyoisha huambiwa amerogwa, au ana pepo, au kanisani akaambiwa hana imani. Kila moja ya maneno hayo humwongezea upweke.

Soma 1 Wafalme 19:1–8. Eliya alikuwa nabii, tena mwenye imani, naye alifika mahali pa kuomba afe. Mungu hakuanza na hotuba. Alimwacha alale, akamtumia mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili, akisema safari ni ndefu kwake. Mazungumzo yalikuja baadaye. Mtoto aliyelala na njaa na hofu hutendewa kwa utaratibu huohuo: chakula, usingizi ulio salama, mtu wa karibu, maonyo na mafundisho yatapata nafasi baada ya hapo.

Fimbo na Moyo

Tanzania inaruhusu viboko shuleni kwa mipaka. Kanuni za mwaka 1979 pamoja na marekebisho yake zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe kwa makosa mazito, na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, tena viandikwe katika kitabu. Kila aliyesoma anajua kama mipaka hiyo huheshimiwa.

Mwumini atauliza, kwa haki kabisa, “Na Mithali je? Si kitabu hicho kinachosema habari ya fimbo?” Ndiyo, Mithali inataja fimbo, na somo hili haliwezi kuiruka. Wahenga nao walisema: mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Nidhamu ni ya lazima, na mtoto asiyezuiwa kwa lolote naye ametupwa. Lakini fimbo ya Biblia ni pia ya mchungaji wa Zaburi 23, ambayo kondoo huifurahia. Tena Paulo, akiandika katika Wakolosai 3:21, anaweka mpaka ambao hakuna mithali inayouvunja: baba asimchokoze mtoto mpaka akate tamaa. Paulo anapima malezi kwa kinachotokea moyoni mwa mtoto. Nidhamu inayomwacha mtoto amevunjika moyo, hata kama imemnyamazisha, imekosa shabaha yake.

Turudi kwa mtoto wa darasa la nne. Siku ya Jumapili alikwenda shambani kuwaona wazazi na kuchukua mchele. Jumatatu alichelewa, kwa kuwa njia ilikuwa na maji. Akachapwa kwa kuchelewa. Kosa gani limeadhibiwa? Kalenda ya shule haikupangwa naye. Umbali wa shamba hakuuchagua. Amepokea mgongoni gharama ya mambo ambayo watu wazima hawajayapatanisha. Mwalimu mwenye darasa kubwa kupita kiasi naye amechoka, na hilo lisemwe kwa haki. Lakini swali moja kabla ya fimbo, “Umelala wapi jana?”, halihitaji bajeti.

Ukimya Katika Nyumba ya Mungu

Upweke wa mtoto huonwa pia na watu wabaya. Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa kitaifa juu ya ukatili dhidi ya watoto Tanzania, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2011. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu ya wote, wavulana kwa wasichana, walikuwa wamepata ukatili wa kimwili. Hesabu hiyo haikukusanywa katika nchi ya mbali. Kanisa lenye watoto ishirini halina sababu ya kudhani kwamba wake wote wamepona.

Eli alikuwa mwema kwa Samweli, mtoto aliyelelewa mbali na mama yake. Lakini 1 Samweli 3:13 inaeleza shtaka lake: alijua uovu wa wanawe na hakuwazuia. Hekalu lilikuwa na kuhani mpole na hapo hapo halikuwa mahali salama. Wema wa mtu mmoja hautoshi pale anaponyamaza juu ya anayoyajua.

Mathayo 18:15 hutumiwa mara kwa mara kufunga mdomo. Mtoto akidhurika, wazee husema jambo limalizwe kwanza faragha, ndugu kwa ndugu, na familia zipatane. Pengine mbuzi hutolewa na habari ikaisha. Darasa lisome sura yote. Maneno hayo yanahusu ndugu aliyemkosea ndugu mwenzake. Kabla yake, katika aya ya 6, Yesu amekwisha kusema juu ya anayemkosesha mdogo mmoja, na hapo hakutaja faragha wala mapatano; alitaja jiwe la kusagia na kilindi cha bahari. Mtoto si mshitakiwa mwenza katika ugomvi wa watu wazima, na hawezi kupatanishwa na mtu aliyemdhuru kwa makubaliano ambayo hakuulizwa.

Sheria ya nchi iko upande huohuo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamwekea kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa. Yapo Madawati ya Jinsia na Watoto ya polisi, yupo afisa ustawi wa jamii, na ipo namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo hupigwa bila malipo. Kutoa taarifa si kulichafua jina la kanisa. Jina la kanisa huchafuka pale mtoto anapokuwa mtu mzima na kueleza kwamba wazee walijua.

Kanisa Katika Msimu wa Mvua

Katika miaka ya mwanzo ya 1990, watafiti waliofanya kazi Namawala walikadiria kwamba mtu mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Kifo cha mtoto mdogo kwa homa kilizoeleka. Kisha vikaja vyandarua vyenye dawa, na utafiti uliochapishwa mwaka 2001 juu ya wilaya za Kilombero na Ulanga ukaonesha kwamba uwezekano wa mtoto mdogo kuendelea kuishi ulipanda kwa asilimia 27. Kilichokuwa kimezoeleka kikaonekana si lazima kiwepo. Hofu na upweke wa mtoto wa shule navyo vimezoeleka. Havina ulazima.

Kanisa la mahali si hospitali, na washiriki wake si madaktari wa akili. Lakini lina vitu ambavyo mtoto huyu anavihitaji. Lina daftari la darasa, ambalo kila Sabato huonesha nani yupo na nani hayupo. Mtoto asipoonekana Sabato mbili, mtu aende nyumbani kwake, si kuuliza kwa nini hakuja, bali kuona anaishije. Lina Dorkasi, ambao wanaweza kujua kabla ya msimu ni nyumba zipi zitabaki na watoto watupu, na kupanga nani atapita jioni na nani atapokea wa kulala. Lina Watafuta Njia, ambako mtoto huitwa kwa jina lake na kucheza. Na katika kazi zote hizo liwe na kanuni isiyo na upendeleo: mtu mzima mmoja asijifungie na mtoto mmoja, awe mwalimu, mzee wa kanisa au mchungaji.

Mtoto akieleza jambo zito, msikilizaji atulie, asimhoji kama polisi, asimlaumu, wala asimwahidi kwamba itakuwa siri. Amwambie kwamba amefanya vema kusema, kisha ampeleke mahali pa msaada.

Wazazi nao wanayo amri ya nne. Kutoka 20:10 inamtaja mwana na binti mara tu baada ya mwenye nyumba. Pumziko la Sabato si la mkulima peke yake. Baba anayeitunza Sabato kibandani huku mwanawe akiitunza peke yake kijijini amepumzisha jembe, lakini mtoto hajapumzika katika hofu yake. Pale njia inapopitika, Ijumaa jioni iwe siku ya kurudi, kula pamoja, na kumuuliza mtoto habari za juma zima na kumsikiliza mpaka amalize. Pale isipopitika, wazazi watatu au wanne wenye mashamba jirani wanaweza kupokezana, mmoja akabaki kijijini na watoto wa wote. Mpunga wa aliyebaki utapaliliwa na wenzake. Ushirika wa namna hiyo una gharama, na gharama hiyo ndiyo kipimo cha kama kanisa linaamini kwamba kumpokea mtoto mmoja kwa jina la Yesu ni kumpokea Yeye mwenyewe (Mathayo 18:5).

Maswali ya Kujadili

1. Taja tofauti kati ya kumhukumu mzazi na kumkumbusha wajibu wake. Malaika alifanyaje kwa Hajiri?

2. Je, kuna mtoto katika kanisa lenu anayelea wadogo zake? Nani anamlea yeye?

3. Someni Mathayo 18:1–17 kwa mfululizo. Kwa nini ni hatari kuanzia aya ya 15 pale mtoto anapodhurika?

4. Mwalimu wa shule aliyemo darasani aeleze ugumu anaoupata kuwasaidia watoto wenye huzuni au hofu. Kanisa linaweza kumpunguzia mzigo gani?

5. Kabla ya kufunga kwa ombi, andikeni majina ya watoto ambao wazazi wao wako mashambani juma hili. Kila jina lipewe mtu mmoja atakayepita nyumbani kabla ya Jumatano, na Sabato ijayo darasa lipokee taarifa.